Mbwa Mzee Akifiwa na Mwenzake: Namna ya Kumtafutia Mwingine

Katika nyumba nyingi za Mutwanga, mashariki mwa Kongo, na vijiji vinavyoizunguka, mbwa wawili hufugwa pamoja kwa sababu ya kazi. Asubuhi humtangulia mwenye shamba kwenda kwenye kakao, mchana huwafukuza nyani na tumbili wanaotoka upande wa Hifadhi ya Virunga, usiku hulinda ua. Hula sahani moja, hulala kwenye jivu la jiko moja. Miaka minane au tisa ikipita hivyo, mmoja akafa, anayebaki huwa naye amekwisha kuzeeka. Watu wa nyumba humsikitikia mlinzi aliyepotea, na siku ya soko inayofuata kijana hutumwa kuleta kitoto cha mbwa. Hakuna anayejali kama yule mzee yuko tayari kumpokea.

Naandika kwa ajili ya huyo mzee. Mbwa mwingine anaweza kumrudisha kwenye chakula na kwenye matembezi, nimeliona hilo na ninaliamini. Ila mgeni huyo achaguliwe kwa kipimo cha mzee mwenyewe: umri wake, mwili wake, tabia yake. Akichaguliwa kwa kipimo cha shamba peke yake, au kwa kuwafurahisha watoto, mzee huongezewa mzigo wakati bado ana msiba.

Ana majonzi au anaumwa?

Kwamba mbwa huhuzunika, watu wa huku wanalijua bila kuambiwa na mtu. Hata hivyo limechunguzwa. Mwaka 2022 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la Scientific Reports majibu ya watu 426 waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja, wakafiwa na mmoja. Asilimia 86 walisema aliyebaki alibadilika: alimwandama mwenyewe akitaka kuangaliwa, alipunguza kucheza, alilala kupita kawaida, na karibu theluthi walipunguza kula. Urefu wa muda ambao mbwa hao waliishi pamoja haukubadilisha mambo. Lililokuwa na uzito ni namna walivyoishi, kama walikuwa marafiki au mzazi na mtoto wake, na kama walikuwa wakila pamoja. Mbwa wetu wa sahani moja wamo humo kabisa.

Ukimtazama wako utayaona haya. Anakwenda mahali mwenzake alipozoea kulala, ananusa ardhi taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, anasimama kidogo, kisha anarudi alikotoka. Unamwekea bukari, yaani ugali, na mchuzi wa ndakala, wale samaki wadogo, analamba juu juu, anawaachia kuku wamalizie. Jioni anakaa kwenye njia ya shamba masikio yakiwa mbele, ingawa watu wote wamekwisha kurudi. Usiku anatoa sauti ndefu, na jirani anaanza kusema kuwa ni mkosi unaingia. Mwambie jirani kwa upole kwamba mbwa anamwita mwenzake, wala asiruhusu watoto wamrushie mawe.

Lakini usiseme upesi kwamba ni majonzi. Mbwa mzee asiyekula anaweza kuwa na jino lililooza, minyoo, au homa inayoletwa na kupe. Mbwa anayekataa kutembea anaweza kuwa anaumwa viungo, hasa majira ya mvua baridi inaposhuka kutoka Ruwenzori. Mnyanyue mdomo kidogo umtazame ufizi: wa mbwa mzima ni wa waridi, na ukiwa mweupe kama karatasi ujue damu imepungua. Pitisha vidole ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu utafute kupe. Akipitisha siku mbili bila kuonja kitu, mwite afisa wa mifugo wa sekta. Mambo yakiwa makubwa, Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye kitivo cha tiba ya mifugo.

Kuna hali moja ambayo hupaswi hata kumgusa. Taya likining'inia, mate yakitiririka, akishindwa kumeza, akijificha gizani au akiwa mkali ghafla kwa watu anaowajua, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Watoe watoto, mfungie mahali alipo, tafuta mtu wa mifugo. Yeyote aliyeng'atwa au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayookoa.

Mwenzake alikufa na nini?

Hili ndilo swali ambalo watu hulipita, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mbwa mpya aje au asije.

Kama aliyekufa alikuwa amepata kichaa, au ulishuku hivyo, usilete mbwa yeyote. Mzee aliyekula naye na kulambana naye anaweza kuwa na virusi mwilini kwa wiki nyingi, hata miezi, akionekana mzima. Asipokuwa amechanjwa, utamtenga na watu kwa muda utakaoelekezwa na mtaalamu, na mara nyingi hufika miezi 6. Najua ni agizo gumu kwa nyumba inayohitaji mlinzi. Bado ni afadhali kuliko kumzika mtoto.

Kama alikufa akiharisha damu na kutapika, hasa akiwa mdogo, huenda ulikuwa ugonjwa wa parvo. Virusi vyake hukaa udongoni muda mrefu, mwaka hata zaidi, na maji ya mvua hayavimalizi. Mzee anaweza kupona au asiugue kabisa, lakini kitoto utakachokileta kwenye ua huo kinaweza kuambukizwa na kufa upesi. Hapo chukua mbwa mkubwa, na chanjo ikipatikana achanjwe kwanza.

Sababu ya tatu ni ya kwetu sisi watu wa kakao. Mbwa hawawezi kuhimili theobromini, kitu kilichomo ndani ya punje ya kakao na katika chokoleti. Mwilini mwa mtu huisha upesi, mwilini mwa mbwa hukaa na kuukimbiza moyo. Viganja viwili vya punje kavu vinatosha kumtia hatarini mbwa wa ukubwa wa kawaida. Na mbwa huzitafuta: utelezi mtamu unaofunika punje mbichi unamvuta, na punje zilizoanikwa kwenye turubai uani anazikuta mbele ya pua yake. Huanza kutapika, anahangaika hatulii, anakojoa mara kwa mara, anatetemeka, halafu degedege. Watu husema amelishwa sumu na jirani, na ugomvi unaanza. Kabla ya kumlaumu mtu, angalia turubai lako. Kisha, kabla mgeni hajaja, inua anikio juu ya kichanja au lizungushie uzio, na maganda uyafukie mbali, kwa maana na yenyewe yana sumu hiyo.

Usimkimbize

Hakuna idadi ya siku inayowafaa mbwa wote. Katika utafiti ule wa Italia, kuna waliorudi katika hali yao kabla ya miezi miwili kwisha, na karibu robo walichukua zaidi ya miezi 6. Mimi humwangalia mbwa mwenyewe. Akianza kula sehemu kubwa ya chakula chake, na akiwaona mbwa wa njiani akatikisa mkia au akaenda kuwanusa, huyo anaweza kukutanishwa na mwingine. Akiwakwepa au akiwarukia kwa hasira, mwache.

Katika muda huo mtunzie ratiba. Chakula saa ile ile, njia ya shamba ile ile, hata kama mtakwenda nusu yake kisha mkarudi kwa sababu miguu yake imechoka. Gunia alilolalia marehemu usilifue wala usilichome siku ya kwanza. Mbwa husoma dunia kwa pua: tangu mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa kule Rumangabo, wanaofuata nyayo za majangili kwa kunusa tu. Pua ya mbwa wako wa uani haiko mbali sana na za mbwa hao. Harufu ya mwenzake ikipungua yenyewe, siku kwa siku, humsaidia kuzoea.

Nawe pia umefiwa. Katika utafiti huo huo, mwenye mbwa alipokuwa na huzuni kali, na mbwa aliyebaki alibadilika zaidi. Keti naye jioni, mkune nyuma ya masikio, zungumza naye. Hakuna aibu ndani yake.

Umchague nani?

Kitoto ndicho kinachopatikana kwa urahisi, mara nyingi bure, na ndicho kibaya zaidi kwa mbwa mchovu. Kitoto cha miezi miwili huuma masikio, huvuta mkia, huruka juu ya mgongo unaouma, na hakijui maana ya mngurumo. Mzee mwenye nguvu bado na moyo wa ulezi, hasa jike aliyewahi kuzaa, anaweza kukipenda. Mwingine yeyote humchosha. Ukilazimika kuchukua kitoto, kisitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kwa mama na ndugu zake ndiko kinakojifunza kuuma kwa kiasi.

Ninayempendekeza ni mbwa wa miaka miwili hadi minne, mtulivu, mwenye umbo lililo karibu na la mzee, aliyekwisha kuishi na mbwa wengine bila fujo. Dume na jike hupatana kwa wepesi kuliko wa jinsia moja. Ila fikiria mbele: kufunga uzazi si huduma inayopatikana kila mahali huku kwetu, na jike anayehitaji dume huvuta mbwa wa kijiji kizima uani kwa wiki karibu tatu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Mzee dume atapigana nao wote na atashindwa. Kama huna banda la kumfungia jike siku hizo, mzee wako dume mtafutie dume mpole kuliko yeye.

Namna ya kumpima mbwa ni rahisi. Nenda umtembelee kwa mwenyewe wakati wa kulisha. Mbwa anayekula na wenzake bila kupigana, anayeondoka jike mkubwa akimkaripia, anayekusogelea kwa ubavu mwili ukiwa umelegea, huyo ndiye. Anayesimama wima mkia juu kama mti, akikukazia macho, mwache aendelee kulinda huko huko, hata kama ni mzuri wa kutazamwa.

Na wale walioachwa? Tangu mashambulizi ya waasi wa ADF yalipoingia katika sekta ya Ruwenzori mwaka 2020 na 2021, familia zimekimbia zikarudi, zikakimbia tena, kwenda Beni, Butembo, hata kuvuka Kasindi kuingia Uganda. Mbwa hawapati nafasi kwenye pikipiki, na wengi hubaki. Ukipita penye nyumba tupu utamkuta mmoja amelala kizingitini, mbavu nje, akimngoja mtu. Naomba tuwakumbuke hao kwanza. Mbwa wa namna hiyo mara nyingi ni mkubwa tayari, anajua watu, na anachotaka ni ua wenye moshi wa jiko. Tahadhari yake ni kwamba hujui aling'atwa na nani huko porini. Mfunge peke yake, mbali na mzee na watoto, apate chanjo, na muulize afisa wa mifugo ni muda gani akae hivyo. Muulize pia mjumbe wa mtaa kama mwenyewe yu hai na atarudi. Mbwa wa mtu aliyekimbia vita ni wa mtu huyo, na akirudi atamtaka.

Mwezi wa chanjo

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila msomaji alifanye. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa hukamilisha kinga baada ya wiki kama nne. Basi usimchukue mbwa siku ile unayopatana na mwenye mbwa. Lipia chanjo akiwa bado kule, mpe dawa ya minyoo, mwache huko mwezi mzima, na siku hiyo hiyo mzee wako naye achanjwe kama muda wake umepita. Kitoto huchanjwa kuanzia miezi mitatu.

Mwezi huo utumie kuwajulisha kwa harufu. Chukua magunia mawili ya unga au ya kahawa, yale ya kakao yaache. Moja alalie mzee, jingine alalie mgeni. Baada ya siku chache wabadilishane. Mara ya kwanza mzee atalinusa gunia la mgeni nywele za shingo zikisimama. Akija kulilalia bila kujali, kazi imekwenda nusu.

Chanjo hii inavuka ua wako. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa cha mbwa duniani, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na watoto huathirika mara nyingi. Nasi tunaishi mpakani mwa hifadhi. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, ambao mbwa wa vijijini ndio waliodhaniwa kuueneza, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti kule Tanzania. Mbwa wako akiingia msituni na ugonjwa, anaupeleka kwa wanyama ambao Virunga inawalinda tangu mwaka 1925.

Siku ya kukutana

Wasikutane uani, kwa sababu ua ni mali ya mzee. Wakutane njiani, mahali pasipo pa mtu, kwa mfano kwenye njia pana ya kuelekea mto Butahu, asubuhi kabla ya jua kali. Kila mbwa awe na mtu wake na kamba iliyolegea. Kamba iliyokazwa huwafundisha kwamba kuna hatari. Tembeeni upande mmoja, mkiachana hatua kumi au zaidi, mkisogeleana polepole. Wakitaka kunusana, wanusane kidogo tu, halafu mwendelee kutembea. Mkishazunguka vya kutosha, ingieni nyumbani pamoja, mzee akiwa mbele.

Siku za kwanza sahani ni mbili, kila moja kona yake, na mzee anapewa kwanza. Yeye ndiye anayesalimiwa kwanza, na jivu la jiko ni lake. Mgeni alale upande wa pili. Usiku usiwafungie pamoja mpaka umewaona wamelala karibu mchana kwa hiari yao. Watoto wa nyumba nao wapewe agizo: mzee akiondoka kwenda kupumzika, hafuatwi.

Akinguruma, usimpige. Anamwambia mgeni afike hapo asizidi, na mgeni mwenye akili atageuza uso na kurudi nyuma. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Hatari ni nyingine: mgeni anayemzuia mzee kufika majini, anayemsimamia juu akiwa amelala, au jeraha la kwanza lenye damu. Hapo watenganishe siku kadhaa uanze tena kutoka njiani. Likitokea mara ya pili, mrudishe mgeni. Ndiyo maana mapatano na mwenye mbwa yawe wazi tangu mwanzo: wiki mbili za majaribio, na akirudishwa hakuna lawama.

Usitegemee wacheze. Kwa mbwa wa miaka kumi ushindi ni mdogo: amemaliza chakula chake, amemfuata mgeni hadi kwenye mti wa kwanza wa kakao, amelala mchana kutwa bila kuinuka kila mara kutazama njia.

Kama chakula ni cha mmoja

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo linaloumiza. Nyumba nyingi kati ya Bulongo na Lume hazijui zitakula nini mwezi ujao, au zitalala wapi. Mbwa wa pili hula kila siku, anahitaji chanjo kila inapofika muda wake, na siku ya kukimbia ni roho nyingine ya kuacha nyuma. Kama bukari inayobaki inamtosha mmoja, mgeni atakula sehemu ya mzee, kwa sababu mwenye meno mazuri ndiye anayemaliza kwanza. Basi usimlete. Mlainishie mzee chakula kwa mchuzi wa ndakala usio na chumvi nyingi wala vitunguu, umwondolee mifupa ya kuku iliyopikwa kwa sababu hupasuka na kumchoma tumboni, umtandikie gunia kavu karibu na jiko, na umchukue shambani kila unapokwenda. Mwenzi anayemhitaji zaidi kwa miaka iliyobaki anaweza kuwa wewe.